Mlolongo wa Wakwe

Mume wangu aliwahi kukaribia kuteuliwa kugombea urais wa Kenya, na mimi niliwahi kukaribia kurudishwa kwetu. Mambo hayo mawili yalitokea asubuhi moja, katika uwanja mmoja wa shule Homa Bay, na kwa muda wa kama dakika kumi ilionekana kwamba ili lile la kwanza lifaulu, lazima hili la pili lifanyike. Watoto wangu wanapenda sana kusimulia habari ya urais. Hiyo nyingine wanaijua nusunusu, kwa hiyo naiandika mwenyewe kabla baba yao hajaiandika kwa namna yake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, vyama vingi vilipokuwa vimeruhusiwa juzijuzi tu, na kila mwenye koti na meza alikuwa akianzisha chama. Chetu kilikuwa na chumba kimoja Migori juu ya duka la mbegu, mhuri mmoja, na mwenyekiti aliyekuwa akiubeba mhuri huo mfukoni hata akienda kanisani. Kilijiita chama cha kitaifa. Wajumbe wake walitoka Migori, Rongo, Kehancha na Homa Bay, na mmoja alitoka Pwani. Huyo wa Pwani alikuwa mfanyabiashara wa Mombasa aliyefika kununua omena, wale dagaa wa ziwani, mvua ikanyesha, omena hazikukauka, na alipokuwa akingoja jua akaandikishwa uanachama. Yeye peke yake ndiye aliyetufanya tuwe wa kitaifa, kwa hiyo tulimtunza sana na kila mara tulimuuliza kama amekula.

Mume wangu alikuwa daktari wa mifugo wa serikali. Kwa miaka mingi alizunguka na pikipiki ya idara kutoka josho hadi josho, akichanja, akizalisha, akikata pembe. Hakuna boma lenye ng'ombe kuanzia Rongo hadi mpakani ambalo hakuwahi kuingiza mkono wake mahali fulani. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa na maringo na kwa sababu alifika hata Kehancha wakati madaktari wengine wakisema barabara ni mbaya. Mapenzi hayo ndiyo yaliyomharibu. Siku moja alirudi nyumbani, akavua gambuti, akaniambia kwamba wazee wa chama wamemwona anafaa kuwa rais.

“Rais wa nini?” nikamuuliza.

“Wa Kenya, Mama. Kwani kuna mwingine?”

Nikamwambia akanawe mikono kwanza, chakula kiko mezani. Nilidhani ni uchovu. Wiki iliyofuata akaacha kazi, maana mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kugombea, na kazi ilipoondoka nyumba ya serikali nayo ikaondoka. Tukahamia vyumba viwili nyuma ya kibanda changu cha ushonaji, sisi na watoto wanne na fremu za picha na sanduku la sindano za ng'ombe ambazo hakutaka kuzirudisha. Nilikasirika, sitaficha. Nilishona kwa hasira mwezi mzima na mashati ya shule niliyoshona mwezi ule hayajawahi kufumuka.

Lakini, nisimsingizie, mwanzoni alikuwa mbele ya wote. Mpinzani alikuwa mmoja tu wa maana, mtu wa Homa Bay aliyekuwa na kiwanda kidogo cha barafu na kuwauzia wachuuzi wa samaki. Mtu wa barafu hakuwa na hotuba. Alikuwa akifika mkutanoni na pikapu, anagawa vipande vya barafu, watu wanavishika, wanacheka, wananyonya, na baada ya robo saa hakuna ushahidi wowote kwamba aliwahi kufika. Mume wangu alimdharau sana.

Mkuu wa kampeni yetu alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe wa Rongo, mtu wa sauti kubwa na kofia ya majani, ambaye hesabu zake zote alizifanya kwa fimbo mchangani. Alikuja kwetu akachora duara mbili. “Migori na Kehancha tuko nayo kwa sababu ya chanjo,” akasema. “Homa Bay tuko nayo kwa sababu ya ndoa. Mama Daktari ametoka kule. Mama yake ndiye mwenyekiti wa wamama wa chama. Sasa barafu ataenda wapi?” Mume wangu akaziangalia duara zile kama mtu anayeangalia kiwanja chake. Na mimi, ambaye nilizaliwa ndani ya duara ya pili, nilinyamaza. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimekasirika tu, na mtu akikasirika kuna mambo hayakumbuki, au anayakumbuka na kuyaacha.

Jambo lenyewe ni hili. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni, na wakikutana njiani mmoja atakumbuka ghafla kitu alichosahau kichakani. Si chuki, ni heshima iliyopita kiasi. Mama yangu alimheshimu mume wangu kwa miaka kumi na nane bila kujua ana macho ya namna gani. Na mama mkwe si yule mmoja tu aliyemzaa mke. Wake wote walioolewa katika ukoo wa baba yangu ni mama wakwe wa mume wangu. Kile chama cha wamama wa Homa Bay, ambacho dalali alikihesabu mchangani kama kura arobaini na tatu, kilikuwa mama wakwe arobaini na watatu.

Dalili zilianza mapema. Mume wangu alipeleka picha zake Homa Bay, picha nzuri, amevaa tai, na akafurahi alipoambiwa zimebandikwa katika kila nyumba ya ukoo wetu. Nilipokwenda kumwona mama nikazikuta kweli zimebandikwa, zote zimegeuzwa uso ukutani. Sebuleni kwa mama ilining'inia karatasi nyeupe, na juu yake mama alikuwa ameweka ua la plastiki.

“Mama, hii ni nini?”

“Ni Daktari,” akasema. “Si nilimweka mahali pazuri?”

Kisha ukaja mkutano wake wa kwanza Homa Bay. Tulifika saa nne na uwanja ulikuwa mtupu. Mbuzi wawili, mwalimu mkuu wa shule na mlinzi wake, basi. Mume wangu alipanda juu ya meza, akakohoa, akaanza kuhutubia nyasi. Alipofika kwenye bei ya pamba, vigelegele vikalipuka kutoka nyuma ya jengo la madarasa. Wamama wote walikuwa wameketi kule nyuma, migongo yao kwenye ukuta, wamefunika vichwa kwa leso, wakisikiliza kila neno. Alihutubia saa nzima. Aliuliza ukuta swali, ukuta ukamjibu “Ndiyo!” Alipomaliza wakaimba hadi machozi yakanitoka, na hakumwona hata mmoja wao.

Mtu wa barafu alikuwa ametuma mpelelezi. Kesho yake ikasemwa soko zima la Migori kwamba Daktari alihutubia mbuzi. Mwenyekiti wa chama akaanza kuchelewa kutujibu. Watu wa Rongo waliokuwa wakija kunywa chai kwangu bila kualikwa wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Mume wangu alikonda. Alikuwa akilala akihesabu, “Kehancha kumi na tisa, Migori ishirini na tano, Rongo saba, Homa Bay arobaini na tatu,” halafu anaanza tena, na hesabu ilikuwa sawa kila mara. “Kura ni ya siri,” alikuwa akiniambia. “Mtu anaingia ndani ya chumba, anaweka alama, anatoka. Hakuna anayemwangalia mwenzake. Wakwe zangu watanipa.” Na alisema kweli. Kwa kura ya siri wangempa wote arobaini na tatu, kisha wangekwenda nyumbani na heshima zao.

Karatasi za kura zilichapwa Kisii. Chama hakikuwa na gari, na aliyekuwa na gari ni mtu wa barafu. Nasema wazi kwamba siamini alifanya kusudi, hakuwa na akili ya namna hiyo. Alikwenda kuzichukua kwa moyo mweupe, akaziweka chini kabisa ndani ya pikapu zisipeperuke, na juu yake, kwa sababu alikuwa na wateja njiani, akapanga barafu. Alipofika asubuhi ya uteuzi katika uwanja uleule wa shule Homa Bay, karatasi zilikuwa uji. Dalali alitia mkono akatoa tonge la kijivu, na katikati ya tonge ukaonekana mdomo wa mume wangu ukitabasamu.

Mwenyekiti akaita kikao cha haraka kando ya bomba la maji. Wakarudi na uamuzi kwamba tutapiga kura ya mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya mtu wake. Watu walinung'unika, maana mlolongo wa enzi ya chama kimoja ndio uliokuwa umetuchosha wote na vyama hivi vipya vilianzishwa ili tuachane nao. Lakini wajumbe wa Kehancha walikuwa wametoka alfajiri na hawakuwa tayari kurudi siku nyingine. Msimamizi akateuliwa yule wa Mombasa, kwa sababu hana ukoo na mtu yeyote na kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kama cha redio. Akapewa filimbi.

“Jamani,” akasema, “nataka mlolongo ulionyooka. Kila mmoja amshike kiuno aliye mbele yake, asije mtu akapenya, wala asihesabiwe mara mbili. Mnyororo ukikatika, ninahesabu hadi pale ulipokatika tu. Tumeelewana?”

Tukasema tumeelewana. Mume wangu akasimama upande wa kushoto wa uwanja, mtu wa barafu upande wa kulia. Mimi nilikuwa mjumbe wa mafundi wa nguo wa Migori, kwa hiyo nikamshika mume wangu kiuno mbele ya hadhara, watu wakacheka, nami nikaona aibu kama bibi harusi. Nyuma yangu akaja dalali, halafu Migori, halafu Kehancha, halafu Rongo. Ulikuwa mlolongo mzuri. Ule wa mtu wa barafu ulikuwa mrefu kuliko tulivyotarajia, hata ukauzidi wetu kidogo, kwa sababu kulikuwa na joto.

Wamama hawakusogea. Walikuwa wamekaa nyuma ya madarasa yao yaleyale. Msimamizi alipuliza filimbi, akaenda akachungulia kona, akarudi amechanganyikiwa.

“Wale akina mama hawapigi kura?”

“Wanapiga,” akasema katibu wao, mwanamke mfupi aliyesogea hadi nguzo ya goli akiwa amempa mume wangu mgongo. “Sisi wote ni watu ya Daktari. Lakini hatuwezi kumshika. Huyo ni mkwe yetu.”

“Lakini hamtamshika yeye, mama yangu. Mtamshika wa mwisho kule nyuma, mtu wa Rongo.”

“Na huyo wa Rongo ameshika nani?”

Msimamizi akafuata mlolongo kwa kidole, mtu baada ya mtu, kutoka mkiani hadi kichwani, hadi kidole kikamfikia mume wangu. Akakishusha.

Ndipo likaanza baraza ambalo sijawahi kuona mfano wake. Je, kumshika mkwe kupitia watu hamsini ni kumshika? Katekista wa Rongo alisema hapana, heshima inaishia kwenye mkono wa kwanza. Msabato mmoja akasema umeme ukipita kwenye waya mrefu haupungui. Mtu wa Kehancha, mkulima wa tumbaku aliyekuwa akimwabudu mume wangu kwa sababu ya fahali fulani, aliulizwa maoni yake ili tupate msaada, naye akasema kwa huzuni, “Hata kwetu Kuria mkwe hashikwi. Msiwalazimishe hawa wamama.” Na akiwa anasema hivyo aliachia kiuno cha aliyekuwa mbele yake, mnyororo ukakatika, filimbi ikalia, tukaanza kupangwa upya.

Dalali akapendekeza waweke kamba katikati. Mtu wa barafu akauliza kama kamba ina kadi ya chama. Dalali akapendekeza wamama washike leso zilizofungwa pamoja. Msimamizi akasema leso anazijua sana, zinafunguka. Jua lilikuwa limepanda. Upande wa kulia barafu zilikuwa zikigawiwa mlolongoni, mtu anapokea kwa mkono mmoja na kwa mwingine ameshika kiuno.

Hapo ndipo dalali alipovua kofia. Nilimsikia nyuma yangu akipumua, nikajua anafanya hesabu.

“Daktari,” akasema, “hawa ni wakwe kwa sababu gani? Si kwa sababu ya huyu?” Akanigusa begani. “Kama huyu si bibi yako, hawa si wakwe. Ni wamama tu. Wanaweza kushika.”

“Unasema nini wewe?” nikamuuliza.

“Mama Daktari, usinielewe vibaya. Dakika kumi tu. Tunavunja, tunahesabiwa, jioni tunarudisha. Hata mimi nitakuwa shahidi.”

Nilimwangalia mume wangu ili tucheke pamoja. Hakucheka. Alikuwa anaangalia ule ukuta wa madarasa, na midomo yake ilikuwa inatembea kidogo, nikajua anasema arobaini na tatu.

Msimamizi, mtu wa watu, akauliza kwetu ndoa inavunjwaje, maana kwao ni maneno tu. Akaambiwa kwetu maneno hayatoshi, lazima ng'ombe warudi. Watu wa mke wanarudisha ng'ombe, mume anapokea, yamekwisha. Dalali akasema ng'ombe mmoja anatosha kwa dakika kumi, na kabla sijapata pumzi alikuwa amefika pembeni mwa uwanja, amemfungua ng'ombe wa mwalimu mkuu kwenye mti na anakuja naye, huku mlinzi wa shule akimfuata nyuma na kumwambia hiyo ng'ombe ina mimba. Dalali alimpeleka kwanza hadi kona ya madarasa, akamgusisha ukutani walikokuwa wamama, ili ionekane ametoka kwao. Kisha akamleta kwa mume wangu, akamwekea kamba mkononi.

Mume wangu akaishika ile kamba.

Nataka nisiongeze chumvi hapa. Aliishika, na jambo la kwanza alilofanya ni kuinama na kumpapasa yule ng'ombe kiwele. “Huyu ana ugonjwa wa kiwele,” akamwambia mlinzi. “Robo hii ya nyuma. Mnakamua na mikono chafu.” Ubishi ukaanza palepale. “Amepokea!” wakasema watu wetu. “Hajapokea, anatibu,” wakasema wa barafu. Msimamizi akapuliza filimbi, akamsogelea mume wangu, akamuuliza kwa Kiswahili chake kile kizuri, pole pole, kama anayefungisha harusi:

“Daktari, nakuuliza mbele ya wajumbe. Ng'ombe huyu unampokea, au humpokei?”

Nilikuwa bado nimemshika kiuno. Hakuna aliyekuwa ameniambia niachie. Miaka kumi na nane, watoto wanne, vyumba viwili nyuma ya kibanda, na mikono yangu ilikuwa pale kwenye mkanda wake, nasikia tumbo lake likijaa hewa ya kujibu. Nilimchukia. Nilimchukia kwa sababu alikuwa anafikiri. Swali la namna ile mtu halifikirii.

Akageuza kichwa, akaniangalia. Kisha akageukia mbele, akafungua mdomo.

Mama yangu alikuwa ametoka nyuma ya ukuta. Sijui alitoka lini. Alikuwa amesimama wazi kabisa karibu na nguzo ya goli, leso imeshuka mabegani, na alikuwa anamtazama mume wangu usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakupepesa. Haikuchukua muda, pengine kama kumeza mate. Kisha akavuta leso kichwani, akageuka, akatembea haraka, mwanamke wa miaka sitini na kitu na magoti mabovu, karibu akimbie, akaukata uwanja hadi upande wa kulia na kumshika kiuno mtu wa mwisho wa mtu wa barafu. Huyo wa barafu ni mtoto wa ukoo wa baba yangu, wamama wote wale walimbeba alipokuwa mchanga, kumshika kwao si kitu.

Katibu akamfuata. Kisha wote wakatoka nyuma ya madarasa, mmoja mmoja, nyuso wamezigeuza, wakijipanga na kulia. “Utusamehe, mkwe!” waliimba wakipita. “Tunakupenda sana, Daktari! Tunakupenda!” Walisema hivyo hadi wakahesabiwa. Msimamizi alihesabu mara mbili, na mara ya pili sauti yake ilikuwa imekwisha. Mume wangu alikuwa bado ana kamba ya ng'ombe mkononi, na mdomo wake ulikuwa bado uko wazi kidogo. Mlinzi akaja akaichukua kamba taratibu.

Urais haukuenda popote. Mtu wa barafu naye hakufika mbali, kwa sababu siku ya kupeleka fomu Nairobi mwenyekiti alifika bila mhuri, alikuwa ameuacha kwenye koti la Jumapili. Yule wa Mombasa alirudi kwao na omena zake. Mume wangu alikaa ndani wiki mbili akisoma magazeti ya zamani, kisha mtu akaja kumwita kwa ajili ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, akachukua sanduku lake la sindano akaenda. Tangu hapo akawa daktari wa kujitegemea, na mambo hayakuwa mabaya. Vyumba viwili vikawa vinne.

Wakati wa njugu nilikwenda kwa mama. Tulikaa jikoni tukimenya, yeye kwenye kigoda, mimi chini. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutoka Migori.

“Mama. Siku ile uliona nini usoni mwake?”

Akaendelea kumenya. “Uso wa nani?”

“Wa mume wangu.”

“Mkwe haangaliwi usoni, nyathina, mwanangu.”

“Lakini ulimwangalia. Nilikuona.”

“Uliona vibaya. Kulikuwa na jua.” Akapepeta maganda, akachagua njugu zilizo kubwa, akazifunga ndani ya karatasi. “Mpelekee Daktari. Mwambie ni wamama wote wamemsalimia.”

Nilizipeleka. Mama alikufa miaka kadhaa baadaye bila kulitaja tena, na nilimuuliza mara tatu zaidi. Mume wangu, ambaye sasa ni mzee na ameota kitambi, husema alikuwa anataka kukataa. Husema hivyo bila kuulizwa, tukiwa tunakula, au akinisaidia kuvuta uzi kwenye tundu la sindano, kwamba neno lilikuwa limefika ulimini, “simpokei”, ila mama alimwahi. Mimi humjibu, “Najua, Baba.” Lakini mama alikuwa na magoti mabovu, na hakuwa mtu wa kukimbia uwanja mzima bure.